Mshika Koti

...na mkono wa kulia wa Renae Vopat umeshalikamata koti la Kocha kabla Renae mwenyewe hajajua kwamba Kocha amesimama, ndivyo mkono ule ulivyo, una akili zake, umeifanya kazi hii miaka kumi na tisa na hausubiri kuambiwa, na hapo mbele Kocha Marlys Haugen, mama wa miaka sitini na mmoja, mfupi, uso umemwiva kama nyanya, anapiga kelele, "Wewe Duane! Duane! Macho umeyaacha nyumbani kwa mkeo?" na refa Duane hageuki, ameinama mezani na wenzake wawili, makalio matatu ya suruali nyeusi yamewaelekea watu elfu mbili na ushee, wanatazama kwenye kiskrini nani aliugusa mpira mwisho kabla haujatoka nje, kidole cha Jaelah wetu au kidole cha yule binti wa timu ya kijani, na wakishamaliza hapo waanze kuhesabu kama sekunde zilizobaki ni mbili nukta nne au mbili nukta sita, na kwa ajili ya hizo nukta mbili watakula dakika tano za maisha ya watu, haya, tungoje, timu yetu ya kikapu iko nyuma kwa pointi moja, robo ya nne, Jumapili ya Februari, nje baridi ya kugandisha kope, na saa ya ukutani, pale juu ya bendera za ubingwa wa zamani, inasema saa kumi kasoro dakika saba. Saa kumi. Asiitazame. Ameshaitazama. "Niachie, Renae!" "Nyuma ya mstari, Kocha." "Sijavuka!" "Umevuka viatu vyote viwili, Kocha, watatuadhibu," na anavuta, taratibu, si kwa nguvu, kuna namna yake, ukivuta kwa hasira mtu anazidi kwenda mbele, ukivuta kama unayemkumbusha jambo anarudi, na koti lenyewe hapo nyuma limeshonewa kiraka kwa ndani, mume wa Kocha ndiye aliyekishona, mzee Verlyn, akamwambia Renae kwenye karamu ya Krismasi, "Nimekuwekea turubai, vuta utakavyo," na hiyo, ukitaka kujua, ndiyo zawadi pekee ya Krismasi iliyowahi kuonyesha kwamba kuna mtu anaelewa Renae anafanya kazi gani.

Maana mama yake haelewi, kila Jumapili baada ya kanisa anapiga simu kutoka Nebraska, na asubuhi hii vilevile, Renae yuko kwenye foleni ya mayai hotelini, simu inalia, "Mwanangu, bado unasaidia?" "Ndiyo, mama, bado msaidizi." "Msaidizi miaka kumi na tisa! Mtoto wa Zdenka alianza msaidizi wa meneja, miezi sita akawa meneja." "Mama, lile ni duka la matairi." "Na wewe je, una hata tairi?" na hapo Renae akacheka kwa sababu siku zote hucheka, hata mambo yanayouma huyacheka kwanza halafu anakwenda nayo chumbani, na hakumwambia mama kuhusu Loon Rapids, angemwambiaje, angekuwa ameshaoka kolache, vile vimkate vitamu vya plamu, sinia tatu na kuzituma kwa basi. Loon Rapids... Bwana Lindquist, mkurugenzi wa michezo wa kule, sauti yake kwenye simu ya Alhamisi, ya upole, ya mtu anayekanyaga barafu, "Kocha Vopat, tumekuchagua wewe, lakini naomba jibu kabla ya saa kumi Jumapili, ikishapita nitampigia yule wa pili," na wa pili yupo kweli, siku zote yupo, Renae anawafahamu vizuri wa pili, yeye ni mmoja wao. Kocha mkuu. Si msaidizi wa kwanza, si msaidizi mwandamizi, si yale majina marefu wanayokupa mwaka ambao hawakuongezi kitu, mkuu, basi, chuo cha wanafunzi mia tisa huko juu kabisa Minnesota kando ya ziwa lisiloyeyuka mpaka Mei, ukumbi una nguzo karibu na kona ya uwanja na wageni huigonga kila mwaka, basi dogo la timu analiendesha kocha mwenyewe, wadhamini ni kiwanda cha soseji, na ni chake, kama anakitaka ni chake, na simu imo mfukoni mwa ndani ambamo simu haitakiwi kuwamo wakati wa mechi, ina ujumbe alioandika mara nne na kufuta mara nne, na yote minne ilikuwa na neno "labda".

"Wanatazama nini wale, harusi ya binamu yao?" Kocha anauliza hewa. "Pembe ya pili, Kocha, wanaomba waione kwa pembe ya pili." "Pembe watazipata kichwani!" na mashabiki wa nyuma ya benchi wanacheka, na Renae anavuta, na moyoni anajua angepaswa kuwa ameshakata shauri, mtu mwenye akili timamu angeshasema ndiyo tangu Alhamisi kabla Lindquist hajamaliza kukohoa, lakini kuna lile neno la Kocha, miaka kumi na moja analisema, kwenye ndege, kwenye lifti, wakati mmoja kwenye mazishi, "Nikistaafu, Renae, kiti hiki ni chako," na Renae amekaa akiking'arisha kwa macho kiti hicho, kiko hapa hapa, sentimita hamsini kutoka kwenye chake, ameshapima, halafu Ijumaa, juzi tu, muuza bisi, muuza bisi wa ukumbi wetu wa nyumbani jamani! anamkabidhi pakiti na kumwambia, "Hongera, nasikia mama wenu ameongeza mkataba wa miaka minne," miaka minne! na Renae akasema, "Ndiyo, tumefurahi sana," akatia chumvi kwenye bisi zilizokwisha kutiwa chumvi, akazila zote amesimama, midomo inawaka. Subira huvuta heri, sawa, lakini imevuta, imevuta, na heri yenyewe ni nzito kama jokofu. Na hata hivyo si hilo. Awe mkweli, dakika sita zimebaki, hakuna anayemsikia, si hilo. Ni lile swali. Kule Loon Rapids, meza ndefu, maprofesa watatu na mtu wa kiwanda cha soseji, na huyo wa soseji ndiye aliyeuliza, "Uko nyuma kwa pointi moja, sekunde mbili, mpira ni wenu. Unafanya nini?" na Renae, mwenye madaftari arobaini ya michoro, anayewaamsha wenzake saa kumi na moja alfajiri kuwaonyesha jinsi timu ya Wichita inavyojikinga, akafungua kinywa na kusema, "Namtazama Kocha." Wakacheka, wakadhani ni mzaha, watu wa kaskazini hucheka polepole kama injini ya asubuhi, na yeye akacheka nao, lakini haukuwa mzaha, hilo ndilo jibu lililokuwamo, alipochungulia ndani ya kichwa chake hapakuwa na kingine.

Na ile fomu, Mungu wangu, ile fomu, "Mechi ulizoshinda," nafasi, "Mechi ulizoshindwa," nafasi, kwa sababu ushindi na kushindwa vyote huandikwa kwa jina la kocha mkuu, msaidizi haandikiwi kitu, mechi mia tano na zaidi amekaa kwenye benchi, amepiga magoti, amelia, amevunja ubao mmoja kwa goti, na kwenye vitabu hajashinda hata moja wala hajashindwa hata moja, akaandika sifuri, sifuri, akaitazama ile fomu, ilionekana kama macho ya samaki. Ametoka wapi na wapi! Kwanza kule Kansas, miaka minane na Bwana Tuttle, mrefu kama mlingoti, aliyeruka sana, koti lake ndilo la kwanza kulishika, likapasuka mgongoni mpaka kwenye kola mbele ya kamera, na Bwana Tuttle alipofukuzwa wasaidizi wote walifukuzwa naye, ndivyo ilivyo, kuku akichinjwa vifaranga hutolewa bandani, ukabeba sanduku lako na kikombe chako, ukampigia simu kila unayemjua, ukaja huku Dakota. Na kazi yenyewe ni nini, mama, ukitaka kuielewa, ni kuendesha gari kwa muda wa saa saba kwenye theluji kwenda kumtazama mtoto wa miaka kumi na tano akikosa vikapu, halafu kumwandikia barua kwa mkono kwamba amekosa vizuri, ni kujua siku ya kuzaliwa ya kila binti na jina la mbwa wake, ni kutazama mechi za adui mpaka unawaota, ni kufua jezi mashine ya hoteli inapoharibika, ni kukaa kwenye ngazi na binti aliyeachwa na mchumba ukamwambia huyo mvulana hata kufunga kamba za viatu hajui, na kusema ndiyo. Kocha anasema hapana, msaidizi anasema ndiyo, kazi zimegawanywa hivyo. Wote wanampenda Renae. Nani asingempenda? Hajawahi kumwambia mtu hapana.

"Kocha Re." Ni Jaelah, amesogea hapo kwenye mwisho wa benchi, taulo kichwani, mwaka wake wa kwanza chuoni, binti wa Milwaukee ambaye Renae alimfuata miaka mitatu, alikula samaki wa bibi yake mara tisa, mara ya tisa bibi akamwambia, "Haya mchukue, lakini akirudi amekonda nakuja na mwiko." "Kocha Re, nakwambia kitu usikasirike." "Sikasiriki, mwanangu." "Nadhani niliugusa." "Mpira?" "Kwa ukucha. Lakini si wangu." "Si wako vipi?" Jaelah anafungua kiganja chini ya taulo, kucha nne ndefu za waridi na ya tano haipo, "Ni wa dukani, Kocha Re, wa kubandika, umebanduka ulipogusa, sasa kama ukucha si wangu, aliyegusa ni mimi kweli?" na Renae anatazama uwanjani, pale kando ya mstari, na anauona, mdogo, wa waridi, umelala kifudifudi juu ya mbao na hakuna anayeutazama, marefa watatu wanatafuta ukweli kwenye skrini na ukweli wenyewe uko hatua sita nyuma ya makalio yao. Kucha za kubandika Kocha alizipiga marufuku tangu Novemba. Na Renae alizijua hizi. Alizijua! Asubuhi kwenye foleni ya mayai, simu ya mama sikioni, Jaelah akamwonyesha, "Nimefikisha kumi na tisa leo, Kocha Re, nimejipendezesha," na yeye aliyemnunulia keki, yeye anayejua sheria, angesema neno moja tu, zivue, herufi tano, akasema, "Zimependeza." Zimependeza! Haya sasa. Msimu mzima umening'inia kwenye ukucha, wakishindwa leo hakuna mashindano ya mwisho, wasichana wanne wa mwaka wa nne watavua jezi wasizivae tena, na ni kwa sababu mtu mzima wa miaka arobaini na mbili alitaka kupendwa kwenye foleni ya mayai. Anasikia joto linampanda shingoni, si haya, anaijua haya, hii ni nyingine, anajichukia jamani, halafu hajichukii, amekasirika tu, amekasirika na yai, na muuza bisi, na mtu wa soseji. "Jaelah." "Abee, Kocha Re." "Zilizobaki zibandue." "Sasa hivi?" "Sasa hivi. Hapana kucha." Binti anamkodolea macho kana kwamba kiti kimesema. Anabandua. Moja, mbili, usoni ana huzuni lakini anabandua, na mbingu hazikuanguka, na la ajabu anasogea karibu zaidi, si mbali, bega lake limegusa bega la Renae, "Umekasirika, Kocha Re?" "Ndiyo." "Bado unanipenda?" "Usiniulize mambo ya kijinga, tupia kwenye kikombe hicho."

Kasoro dakika nne. Marefa wameinuka, looo, wameinuka! Hapana, Duane alikuwa ananyoosha mgongo, wameinama tena, watu wanazomea. Koti limetulia mkononi, Kocha ameacha kusukuma, amegeuka nusu na kumwinamia Renae, harufu ya peremende ya koo anayoitafuna kila mechi, na sauti ile ya chini ya kazi. "Wakitupa sisi mpira. Unaona nini?" Swali la kila siku. Na jibu la kila siku limeshapanga foleni kinywani, ama tumpe mpira Brandt kwenye kona, au Jaelah apite katikati, ama, au, ama, au, hivyo ndivyo msaidizi anavyosema, anakuwekea sahani mbili mezani na kurudi jikoni, ukichagua mbaya si yeye aliyechagua, na ukichagua nzuri si yeye pia, sifuri, sifuri, macho ya samaki... lakini anauona. Kweli anauona, mchezo wote, kama mtu anavyoiona sebule yake gizani, Brandt anakwenda kona na kuwavuta wawili, Jaelah anageuka, mlango uko wazi, umekuwa wazi tangu robo ya pili. "Jaelah," anasema. Kocha anangoja. Anangoja ile "au". Haiji. "Jaelah katikati, Brandt awavute kona." "Huyo mtoto ndiye aliyeutoa mpira nje." "Ndiyo." "Anatetemeka." "Anatetemeka, na atafunga." "Na akikosa?" "Akikosa amekosa, Kocha, tutapanda basi sote, na ukiulizwa na waandishi sema nimeamua mimi." Kocha anamtazama muda mrefu, peremende imesimama shavuni, halafu, kama mtu anayesema mvua inakuja, "Na Lindquist umeshamjibu? Ni kasoro tatu hiyo."

Anajua! Ameambiwa na nani, muuza bisi tena? Mjinga wewe Renae, miaka kumi na tisa kwenye kazi hii na hukumbuki kwamba mkurugenzi yeyote kabla ya kuajiri humpigia kwanza kocha wako, wewe mwenyewe umepokea simu za namna hiyo na kusema "subiri nikuitie Kocha". "Alikupigia?" "Mara mbili. Akaniuliza rekodi yako." "Ukamwambia nini?" "Nikamwambia katika miaka kumi na moja sijakuona ukishindwa mechi hata moja." Na Renae anataka kucheka, kicheko kiko tayari mlangoni kama kawaida, lakini leo kilichotoka ni kingine. "Miaka minne umeongeza, Kocha, na nimeambiwa na muuza bisi." "Nilimtuma." "Nini?" "Nilimtuma muuza bisi. Sikiliza. Ningekwambia nastaafu, ungengoja. Ningekwambia sistaafu, ungesema sawa Kocha, na ungengoja. Nikakaa na Verlyn tukawaza, huyu tutamfanyaje? Verlyn akasema labda akikasirika." Kelele ya ukumbi mzima iko kando yao kama redio ya jirani. "Umekasirika?" "Sana." "Mungu ashukuriwe," anasema Marlys Haugen, na macho yamemlowa, kisha anageuka haraka na kutazama uwanja kwa ukali kama aliyeonewa, "miaka kumi na moja hiyo. Nilidhani nitakufa kabla."

Kasoro mbili, na mkono wa kulia bado umeshika koti, turubai la mzee Verlyn, joto, limezoea vidole vyake, utashikwa na nani wewe mama mkaidi, nani atajua kukuvuta kama anayekumbusha, na Renae anaumia, anaumia waziwazi, anampenda huyu mwanamke mwenye kelele kuliko alivyowahi kumwambia, na mkono wa kushoto hauulizi, umeingia mfuko wa ndani, umetoa simu mbele ya watu elfu mbili, kidole gumba kinaandika, hakuna "labda", hakuna salamu, hakuna "asante kwa nafasi hii", neno moja, Ndiyo, ndiyo kama zote alizowahi kusema lakini hii ni ya kwanza iliyomtoka tumboni, anabonyeza, imekwenda, kasoro moja, anaingoja hofu, hofu haiji, njaa ndiyo inakuja, angekula kolache sasa hivi, sinia zima, mwache mama atume... na huyo je? Huyo nani anakwenda mezani? Kocha wa kijani! Jamaa na tai yake ya kijani amejipenyeza taratibu mpaka begani kwa Duane, ananong'ona, anacheka, amemwekea refa mkono mgongoni! "Weee!" anasikia mtu anapiga kelele, "Wee Duane! Na huyo hapo anafanya nini, amekuletea kahawa? Mrudishe kwenye benchi lake! Kama yeye ana haki ya kusimama hapo na mimi naja, tena naja na kiti!" na sauti ni kubwa, ina mikwaruzo, haijawahi kutumika, na mashabiki wa nyuma wamenyamaza kwa mshangao, na Jaelah amefunika mdomo kwa kucha zake fupi za kuzaliwa nazo, na hapo ndipo Renae anapotazama chini na kuona viatu vyake vyote viwili viko ng'ambo ya mstari, na mkono wake wa kulia uko hewani mtupu, haujashika kitu, na huko nyuma kuna kitu kimeukamata mshono wa koti lake yeye, taratibu, si kwa nguvu, kama mtu anayemkumbusha jambo. "Nyuma ya mstari," anasema Marlys, ambaye miaka kumi na moja hajamwita kitu kingine ila Renae, "nyuma ya mstari, Kocha," na marefa bado wameinama.